Roki Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu albamu na bendi za kupendekezeana

Wapenzi wa roki wa huku kwetu tunaulizwa maswali haya kila tukikaa na watu: ndani ya kifodi (daladala ndogo), kwenye nyama choma, kazini, hata msibani. Mengine yanatoka kwa wageni wa muziki huu, mengine kwa wenyeji wanaotaka kujua bendi gani wampe nani. Majibu ni yangu, na kuna mahali nimeegemea upande waziwazi. Mwenye ubishi aje na albamu mkononi.

Mimi ni mgeni kabisa kwenye roki. Nianze na albamu gani?

Inategemea sasa hivi unasikiliza nini. Anayekujibu "anza na Pink Floyd" kabla hajakuuliza hilo anajisifia alivyo navyo tu, wewe hajakuona. Kwa hiyo jitafute hapa chini.

Umekulia kwenye hip hop? Na Arusha ni nani hajakulia humo, mji uliotoa X Plastaz na Weusi. Chukua albamu ya kwanza ya Rage Against the Machine, ya 1992. Zack de la Rocha anachana mwanzo mwisho, na gitaa la Tom Morello linatoa milio ya kukwaruza ambayo utaapa ni ya didjei. Ndani ya kava waliandika kabisa kwamba hakuna sampo, kinanda wala sinthesaiza iliyotumika. Kila unachodhani ni mashine ni mkono wa mtu juu ya nyuzi. Ukiimaliza, nenda kwa Linkin Park, Hybrid Theory, ya 2000. Mike Shinoda anachana, Chester Bennington anaimba na kupayuka, na albamu yote haifiki dakika 38. Hii ndiyo iliyowaingiza machalii wengi wa rika langu kwenye roki, na wengine bado wamekwama hapo hapo. Hakuna ubaya.

Kama mzee nyumbani alikuwa akipiga Mbaraka Mwinshehe kila Jumapili, masikio yako tayari yanajua kulifuata gitaa la solo linapopanda. Wewe nakupa Abraxas ya Santana, ya 1970: kuna tumba, kuna ogani, na gitaa la Carlos Santana linaimba mahali ambapo mwimbaji angeimba. Ipige sebuleni mchana, mzee akiwepo. Hataomba uizime. Baada ya hapo kuna Brothers in Arms ya Dire Straits, ya 1985, ambako Mark Knopfler anapiga kwa vidole vitupu bila kipande cha kukwanyulia nyuzi, na ndiyo maana mlio wake ni laini vile.

Wa reggae, anza na London Calling ya The Clash, iliyotoka Desemba 1979: vijana wa London wa panki, yaani roki fupi ya hasira, waliokuwa wakisikiliza muziki wa Jamaika usiku na mchana. Ukiwa na moyo mgumu zaidi tafuta Bad Brains, albamu yao ya 1982 yenye kava la njano. Ni marasta weusi wa Washington wanaokwenda mbio za kutisha, halafu ghafla wanatulia na kupiga reggae safi, halafu mbio tena.

Wa kwaya: A Night at the Opera ya Queen, ya 1975. Sauti za Freddie Mercury, Brian May na Roger Taylor zilirekodiwa moja juu ya nyingine, tena na tena, mpaka watu watatu wakawa kwaya nzima. Mwalimu yeyote wa sauti ya pili na ya tatu ataifurahia.

Na kama unachopenda kwenye bongo fleva ni mapenzi na umbea wake, basi Rumours ya Fleetwood Mac, ya 1977. Ndani ya bendi moja John na Christine McVie walikuwa wameachana, Lindsey Buckingham na Stevie Nicks nao wameachana, na wote wako studio moja wakitungiana nyimbo. Lindsey anaandika lawama, Stevie analazimika kuiitikia. Huhitaji kujua lolote kuhusu roki ili uelewe hali ya hewa ya chumba kile.

Kwa nini mnang'ang'ania albamu nzima? Si niskilize nyimbo kali tu?

Sikiliza, hakuna polisi. Lakini kuna albamu zinazopoteza kitu ukizikata. The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya 1973, ina dakika kama 43 na nyimbo zake zinaingiliana bila nafasi katikati. Ukiuchomoa mmoja unausikia umekatwa shingo. Enzi za santuri upande mmoja ulibeba dakika ishirini na kitu tu, kwa hiyo wanamuziki walipanga kwa makini wimbo gani ufungue upande wa pili baada ya msikilizaji kuinuka na kugeuza.

Mfano ninaoupenda ni Back in Black ya AC/DC. Mwimbaji wao Bon Scott alifariki Februari 1980. Mwezi Julai mwaka huo huo bendi ikatoa albamu na mwimbaji mpya, Brian Johnson, kava jeusi tii kwa ajili ya maombolezo, na sauti ya kwanza kabisa unayoisikia ni kengele inayogongwa taratibu. Watu wengi wanaujua ule wimbo uliobeba jina la albamu kwa sababu umepigwa kila mahali. Wimbo huo ni wa sita. Aliyeanzia hapo hajaisikia kengele, na hajui kwamba anacheza kwenye matanga.

Roki si muziki wa Wazungu?

Dada mmoja wa kanisani huko Marekani, Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi, alikuwa akipiga gitaa la umeme na kuimba Injili wakati Elvis Presley bado mtoto. Wimbo wake Strange Things Happening Every Day aliurekodi 1944. Hound Dog, ambao dunia inaujua kwa sauti ya Elvis ya 1956, ulirekodiwa kwanza na Big Mama Thornton, 1952, naye mweusi. Chuck Berry ndiye aliyewafundisha wote namna ya kuanza wimbo kwa gitaa. Jimi Hendrix, bingwa mweusi wa gitaa, hahitaji utambulisho. Kisha kuna Living Colour wa New York, weusi watupu, na albamu yao Vivid ya 1988.

Kwa hiyo hapana. Biashara ilihamia kwa Wazungu, muziki wenyewe ulitoka kwenye makanisa na vilabu vya watu weusi wa Marekani. Wale wanaopiga magitaa ya umeme kwenye ibada za mkesha hapa Arusha wako karibu na chimbuko kuliko wanavyodhani.

Naongoza watalii. Mgeni akiniuliza kama Tanzania kuna roki, nimjibu nini?

Mwambie mambo mawili, yote ya kweli.

La kwanza, Freddie Mercury alizaliwa Unguja, Mji Mkongwe, tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake Waparsi. Alipelekwa shule ya bweni India, akarudi, na familia ikahamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi. Mgeni wako akielekea Zanzibar baada ya mlima, kuna jumba dogo la makumbusho yake Shangani. Usimdanganye kwamba Freddie aliimba kwa Kiswahili; hakuimba.

La pili ndilo watu hawalijui: Sunburst, bendi ya Dar es Salaam ya miaka ya 1970. Albamu yao Ave Africa ilitoka 1976, ikapotea miaka mingi, mpaka kampuni ya Strut ya London ilipoitoa upya 2016 pamoja na rekodi zao nyingine. Ni roki iliyochanganywa na soul na midundo ya nyumbani. Mpe mgeni jina hilo aliandike, na wewe mwenyewe uitafute usiku huo huo, maana kesho atakuuliza wimbo gani unaupenda.

Mbali na hapo, Afrika kuna roki ya kusikiliza?

Hapa ndipo ninapopoteza marafiki kwa kuongea sana.

Nenda Zambia kwanza. Miaka ya 1970 vijana wa Lusaka na miji ya migodi ya Copperbelt walichukua gitaa lenye mkoromo, wakaongeza midundo yao, wakaimba kwa Kiingereza, Kibemba na Kinyanja, na leo dunia inauita muziki ule Zamrock. Rais Kaunda alikuwa ameagiza redio ipige muziki wa Zambia kwa asilimia 95, kwa hiyo bendi za nyumbani zilikuwa na masikio ya kuwasikiliza. Shaba nayo ilikuwa na bei, watu wana hela mfukoni, vyombo vinanunulika.

Bendi kubwa ni WITCH, herufi zinazosimama badala ya We Intend To Cause Havoc, yaani wametangaza vurugu tangu kwenye jina. Mwimbaji wao Emmanuel Chanda aliitwa Jagari kwa ajili ya Mick Jagger wa Rolling Stones. Albamu ya kuanzia ni Lazy Bones!!, ya 1975. Mwaka huo huo bendi ya Amanaz ilitoa Africa, na kama nikilazimishwa kuchagua albamu moja tu ya bara hili naichukua hiyo: nusu yake ni ya huzuni na upole, nusu imejaa mkoromo, na inasikika imerekodiwa na watu wasio na muda wa kurudia. Kwa wanaopenda uzito zaidi kuna Paul Ngozi na Ngozi Family wake.

Kisha bei ya shaba ikaanguka, disko likaingia, kanda za wizi zikajaa, na UKIMWI ukawachukua wanamuziki wengi. Jagari alibaki, akaingia kwenye uchimbaji wa vito. Watu wa Mererani hapo jirani wataielewa hesabu hiyo bila kuelezwa. Baadaye wasikilizaji wa nje wakazifukua zile santuri, akarudi jukwaani mtu mzima, na 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango. Ukisikia mtu anasema roki ya Afrika ni kuiga tu, mpe Lazy Bones!! na umwache.

Kaskazini kuna Watuareg, watu wa jangwa la Sahara. Tinariwen wa Mali, albamu Aman Iman ya 2007, magitaa yanayokwenda mwendo wa msafara, makofi na sauti za kuitikiana. Mdou Moctar wa Niger anapiga kwa mkono wa kushoto sawa na Hendrix, na gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe kwa kutumia nyaya za breki za baiskeli. Albamu yake Afrique Victime ya 2021 ni ya kusikiliza ukiwa umekaa, maana solo zake zitakukalisha tu.

Jirani zetu Nairobi wana Duma, na albamu yao ya 2020 yenye jina hilo hilo. Hiyo ni kelele ya makusudi, mashine na kupayuka. Siipendekezi kwa anayeanza, ila ukifika siku unatafuta kitu cha kukung'oa, ipo.

Aina za roki ni nyingi. Lazima nizijue?

Si lazima. Roki nzito ina magitaa makubwa na bado ina kiitikio cha kuimba. Metali imeongeza uzito na kasi. Panki ni fupi, ya haraka, ya hasira. Granji ni ya Seattle, miaka ya mwanzo ya 1990, Nirvana na Pearl Jam. Roki ya progresivu ni ya nyimbo ndefu zenye vipande vingi. Yatosha. Mtu akianza kubishana nawe kama bendi fulani ni metali au si metali, agiza supu.

Mama yangu anasema roki ni muziki wa shetani. Nimwambie nini?

Usimkatalie moja kwa moja, mama ana sababu: ameona kava. Iron Maiden wana dubwana lao linaloitwa Eddie kwenye kila albamu, na ile ya 1982, The Number of the Beast, inatisha hata ikiwa imezimwa. Wimbo wenyewe Steve Harris aliutunga baada ya kuota jinamizi. Ni hadithi ya kutisha iliyotiwa magitaa.

Black Sabbath, wanaolaumiwa kuliko wote, walichukua jina lao kwenye filamu ya kutisha, baada ya kushangaa kwamba watu wanalipa pesa ili waogopeshwe. Misalaba waliyovaa shingoni ilitengenezwa na baba yake Ozzy Osbourne, na kwenye Master of Reality ya 1971 kuna wimbo, After Forever, unaowasuta wanaomdhihaki Mungu. Kwa mama mwenye msimamo kabisa kuna Stryper wa California, waliokuwa wakiwarushia mashabiki Biblia kutoka jukwaani. Albamu yao ya 1986 ina jina linalomtukana Ibilisi.

Lakini ukweli usemwe. Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikuwepo wanamuziki wa metali nyeusi waliochoma makanisa, na walimaanisha. Wapo, wana albamu, na anayeuliza swali hili simpi.

Nina sabufa nyumbani lakini gitaa halisikiki, nasikia mtetemo tu. Tatizo ni rekodi?

Tatizo ni besi. Sabufa nyingi zimewekwa kwa ajili ya bongo fleva na singeli, besi imekazwa mpaka kikombe kinatembea juu ya meza. Gitaa la roki linakaa katikati ya sauti, si chini, na besi ikizidi linamezwa.

Fanya hivi. Rudisha kitufe cha besi chini ya nusu. Toa boksi la besi kwenye kona ya chumba, maana kona inaiongeza besi bila kukuuliza. Zile spika ndogo mbili zishushe kutoka juu ya kabati, uziweke usawa wa masikio, moja kushoto na nyingine kulia, zisibanane pamoja kando ya televisheni. Kisha piga wimbo wowote wa Back in Black. Unatakiwa usikie magitaa mawili tofauti, moja kila upande: Malcolm Young kwenye ridhimu, mdogo wake Angus kwenye solo. Ukisikia gitaa moja tu nene katikati, bado hujamaliza kupanga, au waya mmoja umechomoka.

Spika moja ndogo ya bluetooth haiwezi kukupa hilo. Bora hedifoni, hata zile za waya za bei ya chini.

Albamu nzima si itamaliza bando?

Hesabu ni rahisi. Kwa ubora wa juu wa kilobiti 320 kwa sekunde, dakika moja inakula kama megabaiti 2.4, albamu ya dakika 43 ni kama megabaiti 100. Kwa kilobiti 128, ambazo kwenye spika ya simu hutaona tofauti, albamu hiyo hiyo ni kama megabaiti 40. Video ndiyo inayokumaliza, kwa hiyo usisikilize albamu kwa kuangalia picha ya kava ikiwa imesimama saa nzima.

Spotify imefika Tanzania tangu 2021, Boomplay ipo, Audiomack ipo. Pakua mahali penye waifai, kisha sikiliza bila data. Na kabla ya kuanza zima kile kitufe cha kuchanganya nyimbo. Nimeona watu wakilaumu albamu kumbe walianza na wimbo wa tisa.

Nataka kumpendekezea mtu bendi. Nifanyeje asinipuuze?

Uliza kwanza. Mwambie akuonyeshe alichosikiliza jana, si anachosema anakipenda, watu hujisingizia. Halafu mpe albamu moja. Ukimwandikia orodha ya kumi hatasikiliza hata moja, atakujibu "noma sana" na ndiyo imetoka. Mwambie aanzie wimbo gani, na umtajie mapema kitakachomkera: "kuna matusi", "wimbo wa tatu ni mrefu", "mwimbaji analia lia, vumilia".

Na mtazame maisha yake, si masikio peke yake. Yupo fundi mmoja wa mageti pale Unga Limited, mtu wa reggae, ambaye kwa miaka hakutaka kusikia habari za metali. Siku moja akiwa anakata bomba nikamsimulia habari za Tony Iommi wa Black Sabbath. Alikuwa na miaka 17, anafanya kazi kiwanda cha mabati Birmingham, na siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye ni wa mashoto, kwa hiyo huo ndio mkono wa kubonyeza nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya maji, akatengeneza vifuniko vya vidole, akavibandika vipande vya ngozi juu ili visiteleze. Nyuzi zikamuuma, akatafuta nyembamba, na baadaye akazilegeza. Ule mlio mzito wa chini, ambao metali yote imeufuata, umetokana na nyuzi zile zilizolegezwa.

Fundi akazima grinda. Swali lake la kwanza halikuwa la muziki: "Hiyo chupa aliiyeyusha na nini?" La pili lilikuwa jina la bendi.

Kuna kipande cha habari hiyo nilichomwongezea baadaye. Iommi alipokuwa nyumbani amekata tamaa, msimamizi wake wa kiwandani alimletea santuri ya Django Reinhardt akamlazimisha aisikilize, na kijana hakutaka. Aliposifia gitaa ndipo akaambiwa kwamba mpigaji anatumia vidole viwili tu, vingine viliharibiwa na moto. Django alipiga jazi, haina uhusiano wowote na walichokuja kupiga Sabbath. Lakini sijui mtu aliyewahi kupewa rekodi iliyomfaa zaidi ya ile, na aliyeitoa alikuwa bosi wa kiwanda.

Kwa fundi nilianza na Paranoid, ya 1970. Sasa yeye ndiye anayenisumbua.

Nimepewa albamu na rafiki, sikuipenda. Nimwambieje?

Mwambie hujaipenda, na umwambie wapi: sauti ya mwimbaji, urefu, kelele, au ulikuwa umechoka. Hiyo inamsaidia kukupa nyingine. Mimi nashauri uisikilize mara ya pili siku nyingine, na mara hii ukiwa na hedifoni. Ya tatu hulazimiki. Kuna watu wazima wenye akili zao wasioipenda OK Computer ya Radiohead, na wanaishi vizuri Njiro na Sakina.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nitaelewa?

Tumecheza Kilingala cha Franco na Tabu Ley miaka nenda rudi na wengi wetu hatukujua neno zaidi ya "bolingo". Kurt Cobain wa Nirvana alikuwa akimung'unya maneno kiasi kwamba hata wenye lugha yao walibishana anasema nini. Tinariwen wanaimba Kitamasheki. Sigur Rós wa Iceland walitoa albamu nzima 2002 kwa maneno yasiyo ya lugha yoyote. Sikiliza kwanza, maneno yatafutwe baadaye kama yatakusumbua.

Ule wimbo wa Toto unaoutaja Kilimanjaro na Serengeti, mnauonaje?

Africa, kwenye albamu Toto IV ya 1982. David Paich aliutunga kabla hajakanyaga bara hili, na inaonekana: Kilimanjaro imepandishwa juu ya Serengeti. Dereva yeyote wa watalii hapa Arusha anajua kwamba ukitoka mjini Serengeti unaifuata magharibi na Kilimanjaro mashariki, na katikati yake kuna Ngorongoro, Bonde la Ufa na mlima Meru. Watu wa Moshi, wanaoufungulia mlima dirisha asubuhi, huuliza huo wa Serengeti ni upi.

Ila albamu si mbaya hata kidogo. Sikiliza wimbo wa kwanza, Rosanna, kwa ajili ya dramu za Jeff Porcaro peke yake: kuna vipigo vidogo vya chini chini kati ya vile vikubwa ambavyo mpiga dramu wa kanisani kwenu atatumia mwezi mzima kuvipata. Mwaka 1983 albamu hiyo ilichukua Grammy ya albamu bora ya mwaka.

Nimenunua fulana ya bendi kwenye mitumba, siijui bendi yenyewe. Ni vibaya kuivaa?

Vaa. Kwenye soko la Memorial pale Moshi zimejaa, na nusu ya wapagazi wanaopanda mlima wamevaa bendi wasizozijua, wengine wamepewa na wageni wao. Ila kwa vile umeshaivaa, isikilize japo mara moja ili siku mgeni akikushangilia usibaki unacheka tu.

Ile nyeusi yenye mistari myeupe ya mawimbi ni Unknown Pleasures ya Joy Division, ya 1979. Hiyo michoro ni mawimbi ya redio ya nyota ya kwanza ya aina yake kugunduliwa, pulsa. Albamu ni ya baridi na ya huzuni, Julai ya Arusha inaifaa. Ile yenye nembo ya duara na tai katikati ni Ramones wa New York. Albamu yao ya kwanza, ya 1976, ina nyimbo 14 kwa dakika 29, unaimaliza kabla kifodi hakijajaa. Wote walijiita Ramone ingawa hawakuwa ndugu. Na ile yenye maandishi yaliyosokotwa mpaka hayasomeki ni metali ya kifo au metali nyeusi. Mtumie picha yake mtu anayejua kabla hujaenda nayo kwa mama mkwe.

Ukiikuta unayoitafuta kwenye rundo, usiruke. Ishike pamoja na shati jingine usilolitaka, uliza bei ya shati kwanza. Wauzaji wa Memorial wanasoma uso haraka sana, na fulana ya Metallica ya buku tano huwa ya kumi na tano papo hapo.